Abner Ochoki Nyamongo, Aliyeuona Mlima Ukitembea

Wachungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Oyugis, majirani wa Itumbe na majirani wa hapa Masimba, nawasalimu nyote.

Mimi ni Celestine Gesare, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake. Karatasi mliyoshika inasema mazishi ni Itumbe, na najua wengi wenu mlifika huko kwanza, mkakuta boma kimya, mkaelekezwa huku. Tangu mfike mmekuwa mkinong'ona, na mna haki. Kwa nini kifungua mimba wa Mzee Nyamongo anazikwa mbali na babu zake, katika shamba ambalo hakulirithi? Jibu ni maisha yake yenyewe. Ndugu yetu alisoma ardhi, akaishi kwa kazi ya ardhi, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa na ombi moja tu: baba na mama yetu watoke chini ya mlima wa Itumbe kabla mlima wenyewe haujawatoa.

Abner Ochoki Nyamongo alizaliwa nyumbani, Jumatano tarehe 14 Machi 1979, katika kijiji kilicho juu ya mto, mwendo mfupi kutoka kiwanda cha chai cha Itumbe. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Nyamongo Onsongo na Mama Bonareri. Wanaolijua boma letu wanajua kwamba halina mahali tambarare hata pa kutua sufuria. Mbele ya mlango ni bonde, nyuma ya jikoni ni mlima. Kiazi kikikuponyoka hukifuati. Unapiga kelele walio chini wakupokelee.

Mama husimulia kwamba mwaka 1982, alipokuwa na mimba yangu, alipenda kutafuna yale mawe laini ambayo wajawazito hununua sokoni Keumbu. Ochoki alikuwa na miaka mitatu. Alisimama mbele yake akamtazama kwa muda, kisha akauliza, "Mama, unakula mlima?"

"Naula kidogo tu."

"Ukiumaliza, sisi tutakaa wapi?"

Mama anasema alicheka hadi jiwe likamtoka mdomoni. Mimi nikilifikiria swali lile siku hizi sicheki sana.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993. Mwaka uliofuata alijiunga na shule ya bweni upande wa Nyamira, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Ogada, mtu wa kutoka ziwani aliyefundisha jiografia. Siku moja mwalimu huyo aliwapeleka wanafunzi wake kwa miguu hadi kwenye ukingo wa Manga, pale mwamba unaposimama kama ukuta juu ya mashamba. Akawaambia kila mmoja aweke kiganja chake juu ya jiwe.

"Mnajua mmeshika nini?"

"Jiwe, mwalimu."

"Jiwe hata kuku analijua. Hili mnaloshika lilikuwa zee tayari kabla ya kiumbe yeyote duniani kupata jicho la kulitazama."

Wenzake walicheka, wakaondoa mikono, wakaanza kuteremka kwa sababu chakula kilikuwa kimebaki shuleni. Ochoki alibaki amesimama, kiganja juu ya mwamba. Ilibidi wamwite. "Ochoki! Mwamba haukimbii! Sisi ndio tutakosa githeri!"

Likizo ya Desemba alinisimulia jambo hilo tukiwa tunachuma chai. Aliniambia, "Gesare, nilihisi kama nimemsalimia mtu aliyekaa peke yake siku nyingi mno." Sikumwelewa. Lakini niliona uso wake, na uso wa namna hiyo nilikuwa nimeuona kanisani tu, kwa watu wachache, wakati wa wimbo.

Mwaka 1999 aliitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba, udongo, na maji yaliyo chini yake. Hatukujua tufurahi kiasi gani. Watu walikuja nyumbani kwa harambee, na kila aliyesimama kutoa alitaka kwanza kuelezwa anachangia nini. Baba mdogo Bosire, ambaye yuko pale mbele na atanisamehe, alishika mchango wake mkononi akasema, "Mawe tumejaliwa sisi Wagusii. Kule Tabaka wanayachonga vikombe na viboko, na hakuna aliyewauliza digrii. Kijana, ualimu umekukosea nini?"

Ochoki akamjibu kwa adabu, "Baba mdogo, wao wanajua jiwe linaweza kuwa nini. Mimi nataka kujua lilikuwa nini."

"Lilikuwa jiwe!"

Watu walicheka hadi harambee ikasimama. Mwisho Tata, kama tunavyomwita baba yetu, aliinuka akasema, "Mwacheni aende. Akikosa kazi, mawe ya kujengea choo tunayo." Kwa wanaomjua Tata, ile ilikuwa baraka.

Alipokuwa akirudi likizo kutoka Chiromo, bewa la chuo walikosomea, kutembea naye kulikuwa kazi. Mwendo wa kwenda kisimani ulichukua nusu ya asubuhi. Mahali ambapo barabara ilikuwa imekatwa kwenye kilima, sisi tuliona vumbi jekundu la kuchafua viatu vya Sabato; yeye alisimama, akakwangua kwa ukucha, akatuonyesha mstari mwembamba uliopauka katikati ya udongo. "Hapa palinyesha majivu," alisema.

"Lini?"

"Kabla ya kuwepo mtu wa kuuliza lini."

Alitufundisha kwamba tunakaa juu ya kitu ambacho hakijamaliza kutengenezwa. Tangu siku hizo sijaweza kukanyaga chini bila kufikiria ni nini kilicho chini ya chini. Si hofu hasa. Ni ile hali ya kuingia katika nyumba ya mtu mkubwa wakati mwenyewe hayupo sebuleni lakini unajua yumo ndani.

Alihitimu mwaka 2003. Familia ilingoja kazi ije, na kazi haikuja. Kwa karibu miaka mitatu marehemu alikuwa nyumbani akichuma chai, shahada yake ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya nailoni juu ya kabati. Akina mama wa kituo cha majani chai walimwita Profesa. "Profesa, tope hili la kiatu changu lina umri gani?" Naye alilitazama kweli, akajibu, wakaishiwa na utani. Kuna mzazi mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa akimtisha mwanawe kwa kusema, "Soma kitu cha maana, usije ukawa Ochoki." Tata hakumcheka hata mara moja katika miaka ile. Alimpa kikapu, akamwonyesha mistari yake ya chai, wakachuma pamoja.

Mwaka 2006 alipata kazi yake ya kwanza, kupima udongo kwenye ujenzi wa barabara. Tata alimwuliza, "Kwa hiyo wanakulipa uwaambie kwamba udongo ni udongo?"

"Wananilipa niwaambie kama barabara itakaa, Tata."

"Na isipokaa?"

"Wanajenga hivyo hivyo, halafu wananiita tena."

Kutoka hapo aliingia kwenye kazi ya kutafuta maji ya visima virefu, akafanya kazi Kitui na Wajir. Alituambia kuhusu kisima kimoja cha Kitui. Mtambo ulichimba, watu wakasimama mbali na vumbi, mpaka maji yakaruka juu ya vichwa vyao. Watoto walikimbilia kuyachezea. Yeye alienda pembeni akakaa chini. Alisema maji yale yalinyesha kama mvua siku ambazo hakuna aliyeziandika, yakazama, yakakaa gizani yakipita taratibu kati ya chembe za mchanga, na sasa mtoto ameyachota kwa kikombe cha plastiki. "Watu wanadhani mimi ndiye niliyewapa maji," alisema. "Mimi nilibisha hodi tu."

Mwaka 2013 alirudi Kisii mjini, akawa anaitwa na shule, makanisa na wenye mashamba katika Kisii na Nyamira kuwaambia wachimbe wapi na wajenge wapi. Kwaya hii iliyoimba leo inakunywa maji aliyoyatafuta. Siku za shule kuongea na wanafunzi juu ya kazi alialikwa sana, na hakuwadanganya. Msichana mmoja wa Nyamira alimwuliza, "Mwalimu, nikisoma jiolojia, kazi ziko?"

"Ziko. Barabara, mabwawa, visima, migodi, mvuke wa kule Naivasha wa kutengeneza umeme. Lakini haziko mjini, na hazikai mahali pamoja. Nyingi ni za mkataba; unafanya, inakwisha, unatafuta nyingine. Utalala kwenye hema. Mama yako atakuuliza utaolewa lini na nyoka."

Darasa likacheka. Msichana akasema, "Sasa mbona wewe uliisoma?"

"Kwa sababu kila asubuhi nikikanyaga chini, nashangaa. Kama wewe hushangai, soma kitu kingine, na hakuna ubaya."

Msichana huyo alisoma. Leo yuko kwenye mvuke Naivasha, na ndiye aliyetuma lile shada la maua meupe.

Marehemu alikuwa Mwadventista tangu utoto, na alikiri imani yake mpaka mwisho. Mnajua alivyosumbuliwa. Sabato moja katika shule ya Biblia mzee wa kanisa alimsimamisha: "Ochoki, wewe na Musa, nani ametudanganya kuhusu umri wa dunia?" Akajibu, "Mzee, Musa alituambia ni nani aliyeumba. Mimi huwa naulizwa tu kisima kichimbwe wapi." Watu wakacheka, mzee naye akacheka. Ochoki alipoketi aliniambia kwa sauti ya chini, "Kila nikigonga jiwe, Gesare, navua kofia kwanza."

Alifunga ndoa na Zilpa Akumu, muuguzi katika mji wa Kisii, Jumapili tarehe 12 Desemba 2010. Tulipoenda Oyugis kujitambulisha, baba mkwe, Mzee Ochanda, alitukaribisha kwa samaki, akatazama jinsi sisi watu wa ndizi tunavyohangaika na miiba, akatuhurumia. Kisha akauliza, "Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anasoma udongo," alisema baba mdogo Bosire.

"Udongo umeandikwa?"

"Kumbe, mzee! Hata sisi tulimwuliza hivyo hivyo."

Zilpa hakungoja wanaume wamalize. Alisema, "Baba, huyu hutazama kitu mpaka akielewe. Nimeona wanaume wasiotazama." Mzee Ochanda akasema basi yamekwisha. Mungu aliwabariki kwa watoto wawili, Bosire na Achola.

Sasa nifike kwenye mlima.

Kati ya shamba letu na shamba la Mzee Ombui lililo chini yetu kulikuwa na mstari wa makonge uliopandwa na babu zao. Mwaka 2019 Mzee Ombui aliamka akakuta makonge yameingia kwenye chai yake. Hakuingia kwetu kunywa chai tena. Alisimama mpakani akaita, "Nyamongo! Umehamisha makonge!"

"Na wewe umehamisha akili!"

Watu wa huku mnajua jambo la mpaka ni jambo gani. Mashamba yetu ni madogo. Hatua moja ni urithi wa mtoto. Wazee wale waliokuwa wametahiriwa pamoja walishtakiana kwa chifu. Kila mmoja alileta mashahidi, na mashahidi wote walisema kweli: hakuna aliyemwona Tata akihamisha kitu, na kila mtu aliona kwamba makonge yamehama.

Ochoki alikuja Jumapili moja akawatembeza wazee wote wawili pamoja na chifu. Aliwaonyesha mikaratusi ya juu, jinsi mashina yake yalivyopinda karibu na ardhi kama mtu aliyekunja goti, halafu yakageuka kutafuta jua. Aliwapeleka nyuma ya jikoni, akafunua majani ya ng'ombe, akawaonyesha ufa. Mama alikuwa akiutumia kutupa majivu na maganda ya ndizi, akidhani ni shimo tu.

"Hakuna mwizi hapa," alisema. "Mlima ndio umetembea."

Chifu alivua kofia akajikuna. "Ochoki, niandike nini? Kwamba mshtakiwa ni mlima? Wito nitampelekea nani?"

"Usimpelekee," alisema Mzee Ombui. "Akiitika, tutakimbilia wapi?"

Kesi ilikwisha kwa kicheko, lakini Ochoki hakucheka. Alipigilia vyuma ardhini kwa mstari ulionyooka kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Baada ya mvua ndefu za mwaka 2020 alirudi na Tata wakasimama mwanzoni mwa mstari. Vyuma vya katikati vilikuwa vimeteremka. Mstari ulikuwa umepinda kama upinde. Kilima kizima, chai, ndizi, jikoni na makaburi, kilikuwa kinashuka polepole hivi kwamba hakuna jicho lililokiona, nasi tulikuwa tumepika na kulala na kuomba juu yake.

Tata alitazama kwa muda mrefu. Naomba mjue kwamba baba yetu hakuwa mjinga wala mbishi. Alisema, "Naona."

"Basi tuhame, Tata."

"Naona. Lakini tangu lini mtoto akamwonyesha baba yake mahali pa kujenga?"

Wageni wetu mnisikilize hapa. Kwetu baba ndiye humpeleka mwana shambani, akasimama, akasema, jenga hapa. Hivyo ndivyo Tata alivyoonyeshwa na baba yake, na baba yake amelala pale pale. Mzee anayeonyeshwa mahali na mwanawe amekuwa mgeni wa mwanawe. Ochoki alijua desturi hii vizuri kama alivyoijua miamba, na kati ya vitu hivyo viwili hakupata njia ya kupita.

Mwaka 2021 alinunua shamba hili tulimosimama, akajenga nyumba hii mnayoiona, na jikoni kubwa kwa ajili ya Mama. Haikulaliwa. Mama alikuwa akija kuifagia, na Tata akiulizwa mkewe yuko wapi alisema, "Ameenda kupanguza hoteli."

Jumatano moja ya Mei 2024, mvua ikinyesha tangu alfajiri, sehemu ya mlima ilikatika ikachukua zizi na ng'ombe aliyekuwa ndani. Tata alikuwa kituoni na majani chai, Mama alikuwa kwenye mkutano wa Dorkasi, akina mama wa kanisa. Ochoki alifika akiwa na tope hadi magotini, akasimama mahali palipokuwa na zizi. Alisema, "Tata, sasa?"

"Umechukua ng'ombe. Umeshiba."

"Mlima hauli, Tata. Hauna tumbo."

"Basi hauna hasira na mimi."

Baada ya hapo hawakuzungumza juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Tata alijenga zizi jingine. Ochoki aliendelea kuitwa na watu asiowajua awaambie wajenge wapi, nao walimsikiliza, wakamshukuru. Kila mvua iliponyesha mjini Kisii, Zilpa anasema, alikuwa akisimama dirishani akitazama upande wa Itumbe.

Mwezi wa Januari mwaka huu alianza kushindwa kumeza ugali, kisha ndizi, kisha uji. Alipelekwa Eldoret, wakatuambia ni saratani ya koo la chakula. Alitibiwa huko mpaka Septemba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na zaidi ya wote Zilpa, aliyekuwa muuguzi kazini na muuguzi nyumbani. Madaktari walipofika mwisho wa uwezo wao, alirudi nyumbani kwake Kisii.

Jumapili moja ya Oktoba, mchana, Tata na Mama walikuja kumwona. Mimi nilikuwepo. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ikabidi Tata ainame.

"Tata, nina ombi."

"Kama ni la ile hoteli, usijichoshe."

"Si la nyumba. Miaka yote hii nimekuwa nikikuonyesha wewe mahali. Nilipindua mambo. Sasa nionyeshe wewe. Lile shamba la Masimba ni lako. Nenda ukanionyeshe mahali pangu pa kulala."

Tata alisema, "Mwana hamtangulii baba."

"Ndiyo maana naomba."

Tata alichukua kofia yake akatoka nje, akasimama uani akiwa ametupa mgongo. Zilpa alitaka kumfuata. Mama akamshika mkono. "Mwache, mwanangu. Huyo anatembea kama mlima wake. Hutamwona akisogea."

Ndugu yetu alilala Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Hakuwa amepata jibu la baba yake.

Karatasi mliyoshika inaishia hapo, kwa sababu ilichapishwa Jumatatu. Ninayosoma sasa niliyaandika jana.

Ukoo ulikaa Itumbe Jumapili iliyopita. Wazee walisema mtoto hazikwi ugenini, wakaamua alale kando ya babu yake, chini ya ule ufa. Ndizi zilikuwa zimekwisha kukatwa ili kupata nafasi. Zilpa aliwaambia kwa heshima alichokiomba mumewe. Walimsikiliza, wakasema mgonjwa huomba mengi. Tata alikuwa amekaa katikati yao, fimbo kati ya magoti. Niliwaza kwamba tutampoteza Ochoki mara mbili, na siku moja tutawapoteza wazazi wetu pamoja na kaburi lake.

Jumanne asubuhi Tata hakuonekana nyumbani, na Mzee Ombui pia hakuonekana kwake. Tulipigiwa simu kutoka hapa Masimba kwamba kuna wazee wawili shambani wanazunguka. Tulipofika, ndugu yetu mdogo alimwonyesha Tata mahali karibu na ua panapofaa kaburi.

"Hapo ni njia ya maji," Tata alisema.

Akaendelea kutembea. Alisimama akaangalia mashina ya miti kama yamenyooka. Alipiga goti kwa taabu, akachukua udongo, akaufinya, akaunusa, akaufungua kiganjani akautazama. Alitazama juu ya shamba, akatazama chini yake. Nilikuwa namwona mtu wa miaka themanini akifanya, kitu baada ya kitu, yale yote ambayo mwanawe aliyafanya mbele yake tukidhani hatazami. Kisha akasimika fimbo yake ardhini, hapa upande wa kulia wa nyumba.

"Ochoki," alisema, "lala hapa. Nimekuonyesha."

Akageukia mlango wa nyumba. "Na mimi kiti changu kitakuwa pale, niwe namwona."

Mzee Ombui akasema, "Na mimi unaniachia mlima?"

"Nani amekuacha? Chagua pembe ile. Lakini Ombui, usisogeze mpaka."

Ardhi ambayo baba amemwonyesha mwanawe mahali si ugeni tena. Wazee wa ukoo walipoambiwa walikubali. Jana ng'ombe waliletwa, na sufuria za Mama, na kitanda.

Marehemu ameacha mke, Zilpa Akumu. Watoto, Bosire na Achola. Sisi ndugu zake wanne. Baba mkwe, Mzee Ochanda. Na wazazi, Mzee Nyamongo Onsongo na Mama Bonareri. Karatasi inasema wazazi hao ni wakazi wa Itumbe. Aliye na kalamu asahihishe. Ni wakazi wa Masimba.

Wamehama, Ochoki. Sasa pumzika.